Kompyuta Mpya Ikikataa Kuwaka
Somo kwa vikundi vya matawi



Matawi yetu kadhaa, ya mashambani na ya viwandani, sasa yanaunda kompyuta zao yenyewe. Hayafanyi hivyo kwa kujionyesha. Mashine ya vipande hununuliwa kidogo kidogo kadiri mfuko unavyoruhusu, mwezi huu kasha, mwezi ujao diski, na kipande kimoja kikiharibika hubadilishwa hicho tu. Ni kompyuta zile zile za nyumbani, na nyingi kweli zinakaa nyumbani, chumbani kwa katibu au kwa mweka hazina, maana tawi halina ofisi.

Kazi yake ya kwanza ni daftari la wanachama na la makato. Mwajiri anakata ada ya chama kwenye mshahara, kisha anatuletea orodha yake. Tawi lisilo na orodha yake lenyewe litajuaje kama watu 300 wamekatwa na zimeletwa ada za watu 280? Kwa hiyo kompyuta iliyolala mezani bila kuwaka si jambo la vijana wanaopenda mitambo tu. Ni jambo la chama.

Somo hili linahusu ile siku ya kwanza. Vipande vyote vimefungwa, majirani wamekuja kutazama, kitufe kinabonyezwa, na hakuna kitu. Au feni zinazunguka lakini skrini ni giza tupu. Hapo ndipo pesa za tawi huanza kupotea, kwa sababu watu hukata tamaa na kuanza kununua.

Kisa cha kiwanda cha chai

Tawi moja la kiwanda cha chai, magharibi ya Uganda, liliunda mashine yake. Ilipobonyezwa, feni ziliruka robo mzunguko, kisha kimya. Ukibonyeza tena, vile vile. Wakaipeleka kwa fundi mjini. Fundi akaibonyeza mara mbili, akasema madabodi imekufa, akataja bei ya nyingine. Bei hiyo ilikuwa inakula ada za tawi za miezi miwili.

Mweka hazina wa tawi, mama mmoja anayefanya kazi ya kuchagua chai kwa madaraja, akamwuliza fundi neno moja tu: "Umejuaje?" Fundi akajibu kwamba ameona nyingi za namna hiyo. Mama akafunga mkoba wake, mashine ikarudishwa kwenye gari.

Aliyeitengeneza ni fundi mitambo wa kiwanda, mzee ambaye hajawahi kumiliki kompyuta. Aliwaambia hivi: mota ikijaribu kuanza halafu ikakata mara moja, hatusemi mota imekufa, tunatafuta umeme unavuja wapi kwenda kwenye chuma. Wakaitoa madabodi ndani ya kasha, wakailaza juu ya katoni iliyokuja nayo, wakaiunganisha na umeme ikiwa pale nje. Ikawaka. Walipotazama ndani ya kasha wakakuta kiguu kimoja cha shaba, vile vidogo vinavyoinua madabodi isiguse bati, kimefungwa mahali ambapo madabodi haina tundu. Ncha yake ilikuwa inagusa risasi za upande wa chini. Kiguu kikatolewa, na madabodi ile ile iliyoitwa maiti ndiyo inayotunza daftari la tawi hadi leo.

Hatusemi kwamba fundi wa mjini alikuwa mwizi. Huenda aliamini alichosema. Lakini kukisia hakulipwi kwa ada za wanachama. Sisi tunaokaa katika vikao vya nidhamu tunajua kwamba mtu hafukuzwi kazi kwa kuwa msimamizi "ameona wengi wa namna hiyo". Ushahidi uko wapi? Kipande cha kompyuta nacho kitendewe hivyo hivyo. Kisiitwe kimekufa mpaka kijaribiwe katika mashine nyingine kikakataa, au kingine kizima kiwekwe mahali pake na mashine ikawaka.

Kabla ya kugusa

Chomoa waya kutoka ukutani, halafu bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili umeme uliobaki utoke. Gusa bati la kasha kwa mkono mtupu kabla ya kushika vipande, maana mwili hubeba umeme mdogo wa msuguano ambao wewe huusikii lakini vipande hivi vinaumia.

Pawasaplai, yaani kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa, isifunguliwe na mtu yeyote. Ndani yake kuna vihifadhi umeme vinavyoweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa. Ikiwa mbovu, hubadilishwa nzima. Na tawi linalonunua pawasaplai ya mtumba litazame nyuma yake. Za zamani zina swichi nyekundu ya kuchagua 115 au 230. Nyingine zimetoka Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 120, zikiwa zimewekwa 115. Ukiichomeka hivyo katika umeme wetu wa volti 240 utasikia mlipuko na harufu, na hapo hakuna somo litakalosaidia. Isogeze kwenye 230 kwanza.

Mashine ikiwa kimya kabisa

Hakuna feni, hakuna taa. Hapa umeme haufiki, nasi tunaufuata kutoka ukutani kuingia ndani, kama tunavyofuata bomba la maji kutoka tangini. Jaribu soketi ile ile kwa taa au chaja ya simu. Jaribu waya mwingine wa namna ile. Nyuma ya pawasaplai kuna swichi yenye mstari na duara: mstari ni kuwasha, duara ni kuzima. Usicheke, swichi hii imewapeleka watu mjini na mashine nzima.

Ukishaingia ndani, shika ile plagi pana ya pini 24. Ni ngumu, na wengi huogopa kuisukuma. Isukume mpaka kibanio chake kishike.

Kisha tazama waya mwembamba utokao kwenye kitufe cha kasha. Huchomekwa katika pini mbili ndogo pembeni mwa madabodi, na kijitabu kilichokuja nayo kinaonyesha ni zipi. Ukiukosea kwa pini moja, kitufe hakina kazi. Kujua kama kosa ni kitufe, ondoa waya huo, rudisha umeme, kisha gusisha pini zile mbili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja na kuachia. Umeme wa pale ni mdogo, hauumi. Mashine ikiwaka, madabodi ni nzima na mtuhumiwa ni kitufe au waya wake.

Feni zinazunguka, skrini giza

Hili ndilo linalosumbua matawi mengi, na ndilo lenye sababu nyingi, basi tukae nalo.

Kwanza ngoja. Ramu za aina ya DDR5, zilizoanza kuuzwa mwaka 2021, hupimwa na madabodi siku ya kwanza, na kazi hiyo yaweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa giza. Vijana hubonyeza kuzima baada ya nusu dakika, wakawasha tena, wakazima, na kila mara mashine huanza kupima upya. Kaa robo saa kabla ya kusema imekataa.

Pili, waya wa skrini umechomekwa wapi? Nyuma ya kasha huenda pana matundu mawili yanayofanana, moja la madabodi na moja la kadi ya picha. Kama kadi ya picha ipo, chomeka kwenye kadi. Kama haipo, uliza kwanza kama prosesa ina uwezo wa picha ndani yake. Prosesa za Intel ambazo namba yake inaishia kwa F, kama i5-12400F, hazina. Ryzen 5 5600 haina, lakini 5600G inayo. Tawi lililonunua prosesa isiyo na picha bila kadi lingetazama giza mpaka mwisho wa mwaka, na hakuna kipande hata kimoja kilichoharibika. Jambo hili liulizwe dukani kabla ya kulipa.

Tatu, prosesa ina umeme wake wa pekee. Plagi ile ya pini 24 hailishi prosesa. Karibu na prosesa, pembeni kwa juu, kuna tundu la pini 8, au 4 katika madabodi ndogo. Likiachwa wazi, feni zitazunguka na taa zitawaka kana kwamba mambo ni mazuri, lakini prosesa haina chakula. Waya wake umeandikwa CPU. Usiuchanganye na ule ulioandikwa PCIe, ambao ni wa kadi ya picha. Zinafanana kwa kuzitazama upesi, ila maumbo ya pini ni tofauti. Ukiona unalazimika kutumia nguvu nyingi, simama, umeshika waya usio wake.

Nne, ramu. Kijiti cha ramu huingia kwa nguvu kuliko mtu anavyotarajia. Pengo lake la chini lilingane na kizuizi cha tundu, halafu sukuma ncha zote mbili mpaka usikie mlio wa kibanio. Ncha moja ikibaki juu hata kwa upana wa ukucha, skrini itabaki giza. Ramu za DDR4 haziingii tundu la DDR5, pengo halilingani, na anayelazimisha atavunja tundu. Kama mna vijiti viwili na matundu ni manne, kwa kawaida huwekwa katika tundu la pili na la nne, kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Kwa kujaribu, acha kijiti kimoja tu katika tundu la pili. Mashine ikikataa, toa hicho, weka kingine pale pale. Kikikataa nacho, jaribu tundu lingine.

Tano, sikiliza mashine yenyewe inasema nini. Tangu kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, mashine hizi hujikagua zinapowashwa, na mlio mmoja mfupi ulikuwa na maana ya salama. Madabodi nyingi za sasa huuzwa bila spika, lakini zina pini za kuiweka, na spika hiyo ndogo ni ya bei rahisi mno. Tunashauri kila tawi liwe nayo. Nyingine zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, yaani prosesa, ramu, picha na diski. Taa inayokwama ikiwaka ndiyo inayoonyesha ukaguzi umesimama wapi. Kuna mbinu moja ambayo fundi mitambo ataipenda: toa ramu zote, washa. Spika ikilia kulalamika kwamba hakuna ramu, umepata ushahidi kwamba madabodi na prosesa zi hai, maana maiti halalamiki. Lakini ikinyamaza, hilo peke yake halithibitishi kifo.

Sita ni la wanaonunua mtumba. Prosesa yaweza kuwa mpya kuliko madabodi. Ryzen za 5000 zilitoka mwaka 2020, na madabodi za B450 zilianza mwaka 2018. Nyingi kati ya hizo haziitambui prosesa hiyo mpaka programu yake ya ndani, iitwayo bayosi, ipandishwe. Baadhi ya madabodi zina kitufe cha kupandisha bayosi kwa kijiti cha USB hata bila prosesa. Zisizo nacho huhitaji kuazima prosesa ya zamani kwa saa moja. Tazameni pia pini za prosesa kwa tochi. Katika Intel za sasa pini ziko ndani ya tundu la madabodi. Katika AMD za AM4 ziko chini ya prosesa yenyewe. Pini moja iliyolala yatosha kuzuia kila kitu.

Bayosi pia huweza kukumbuka mpangilio mbaya wa mwenye mali wa kwanza. Dawa yake ni kuchomoa umeme, kutoa betri ile ya duara iliyoandikwa CR2032 kwa dakika chache, na kuirudisha. Saa na tarehe zitapotea pamoja na mpangilio huo.

Kuvua mpaka mfupa

Mkishapita hayo yote na bado giza, au mashine inaruka na kukata kama ile ya kiwanda cha chai, msianze kubadilisha vitu ovyo. Toeni madabodi nje ya kasha. Ilazeni juu ya katoni, si juu ya ule mfuko wake unaong'aa, maana nje ya mfuko huo huweza kupitisha umeme. Acheni prosesa na kipoza joto chake, kijiti kimoja cha ramu, pawasaplai, na skrini (kadi ya picha ibaki ikiwa prosesa haina picha). Diski, feni za kasha, kibodi, vyote vikae pembeni. Washeni kwa bisibisi.

Ikiwaka, mwenye kosa yumo miongoni mwa waliotolewa, au ni kasha lenyewe. Rudisheni kimoja, washeni. Zimeni, chomoeni, rudisheni cha pili, washeni. Kile kitakachoingia na mashine ikakataa, mmemkamata. Kazi hii inachosha na vijana watataka kurudisha vitatu kwa mpigo. Mwenyekiti awazuie, kwa kuwa vikiingia vitatu na mashine ikakataa, mmerudi mwanzo.

Ikikataa hata ikiwa mfupa, wamebaki watuhumiwa wachache: pawasaplai, ramu, prosesa, madabodi, na kadi ikiwa mmeiacha. Azimeni pawasaplai ya tawi jirani kwanza, kwa sababu ndiyo rahisi kubadilisha na ndiyo huharibika zaidi kwa umeme wetu wa kukatika na kurudi kwa kishindo. Kisha ramu. Madabodi ihukumiwe mwishoni.

Mtu mmoja awe na daftari. Aandike kilichotolewa, kilichowekwa, na mashine ilifanya nini, kama tunavyoandika kitabu cha zamu kiwandani. Bila daftari, baada ya saa mbili kila mtu anakumbuka jambo tofauti, na mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda.

Mambo mawili madogo

Mashine inayowaka vizuri kisha ikajizima baada ya muda mfupi mara nyingi inajiokoa na joto. Tazameni kama feni ya prosesa imechomekwa kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN, kama kipoza joto kimekaza sawa pande zote, na kama ile karatasi ya nailoni iliyobandikwa chini yake dukani iliondolewa. Karatasi hiyo husahauliwa kuliko mnavyofikiri. Ikiwa imeachwa, iondoeni, futeni pesti ya zamani, wekeni mpya kiasi cha punje ya harage dogo.

Na skrini ikiwaka ikaandika kwamba haioni diski ya kuanzia, msihuzunike. Mashine imeshinda mtihani. Diski mpya ni tupu kama daftari lililotoka dukani, bado haijawekewa programu ya kuendesha kompyuta. Hakikisheni tu kwamba diski ina waya zake mbili, wa umeme na wa habari, ikiwa ni ya aina ya waya, kisha wekeni programu kwa kijiti cha USB.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kompyuta ya tawi inazungusha feni, taa ya DRAM imekwama, skrini giza. Mtagusa kipande gani kwanza, na mtaandika nini daftarini kabla ya kukigusa?

2. Ni mafundi gani katika kiwanda au shamba lenu wanaojua kutafuta kosa la umeme, na je, wamewahi kualikwa kwenye kikundi cha masomo?

3. Fundi wa mjini anasema prosesa imekufa na anayo nyingine ya kuuza. Kikundi kimwombe aonyeshe nini mbele ya macho yenu kabla mweka hazina hajafungua mkoba?